Shule ya Kambini

Harufu ile ilinikuta mlangoni. Walikuwa wamepiga deki kwa dawa, ile kali inayopanda puani na kung'ang'ania kooni, nami nikasimama pale na mkongojo wangu nikashindwa kuingia. Tulikwenda kuangalia darasa la watoto wasioweza kwenda na kasi ya wenzao, katika shule moja ya serikali, kwa ajili ya mjukuu wangu. Ana miaka tisa na maandishi bado yanamkimbia. Mwanangu alikuwa ameshaamua. Mkwe wangu alikuwa bado anageuka nyuma kutazama kama kuna jirani aliyetuona, kisha akaninong'oneza, "Mama, watu watasemaje?"

Nilimjibu vibaya. Nililomwambia sitaliandika, maana ni mkwe na tunakula chungu kimoja, lakini mpaka leo sijalijutia. Watu! Nawajua watu wa Ifakara watasemaje, nimewasikia wakisema tangu sijaota meno ya pili. Ninyi mliokulia bondeni humu wakati wangu mnawajua pia, na sishangai baadhi yenu mkawa ndio haohao.

Dada yangu Leokadia alinizidi miaka minne. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko mikono ya mtu yeyote nyumbani kwetu. Akiwa na miaka kumi alikuwa anasuka ukili wa milala wenye maua ambayo wanawake wazima walikuja kuyaangalia, na akitazama mkeka wa mtu mara moja tu alirudi nyumbani akautoa vilevile. Lakini mbele ya ubao wa darasa la kwanza alikuwa kipofu. Herufi aliyoishika asubuhi ilikuwa imeshaondoka saa nne. Alirudia darasa lile mara tatu, mimi nikamkuta humo, na mwaka uliofuata nikampita.

Mwalimu wetu wa darasa la kwanza simtaji jina, ingawa amekufa na sina hofu naye. Alimwita Leokadia kichwa cha kambale, yaani mfupa mtupu. Alikuwa na desturi yake: akishakuchapa anakuuliza, "Inauma?" Ukisema inauma anakuongezea, kwa sababu eti fimbo imeanza kufanya kazi. Kwa hiyo dada yangu alijifunza kutazama ukuta na kujibu, "Haiumi." Hilo ndilo somo pekee alilofaulu kwa mwalimu yule. Na siku moja mwalimu alichoka mkono, akanipa mimi fimbo, kwa kuwa nilikuwa nimesoma ukurasa mzima bila kukosea. Nikapiga. Sikupiga polepole. Darasa likacheka, na mimi nikaona raha, wala leo sitaki kujipaka mafuta nikasema nililazimishwa.

Nyumbani aliyekuwa na sauti ni Baba Mkubwa Fidelisi, kaka yake Baba. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kukohoa kwanza kabla ya kusema ili wote mnyamaze. Kwa habari ya Leokadia alisema, "La kuvunda halina ubani." Aachwe akae nyumbani, asuke mikeka, aolewe akishakua. Baba alitikisa kichwa kukubali, kama alivyokubali kila kitu kilichotoka kinywani mwa kaka yake.

Mama hakujua kusoma hata herufi moja, lakini aliona jambo ambalo yule mwalimu mwenye cheti hakuliona. Mnakumbuka tulivyokuwa tukiishi. Mvua zikianza, mji mzima unavuka mto na vyungu na kuku na mikeka, unahamia kwenye mashamba ya mpunga, na huko mnakaa kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, mpaka mavuno. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuamia ndege kwa kombeo na tonge za udongo, kutwa nzima tukipiga kelele. Shule ilibaki na madawati. Mimi niliporudi mjini baada ya miezi minne, herufi zilikuwa pale nilipoziacha. Leokadia alirudi mweupe kabisa. Kila mwaka alianza mwanzo, na kila mwaka alichapwa kwa ajili ya mwanzo uleule. Mama akasema mtoto huyu si mjinga, ila ni kama kitalu cha mchanga, ukikiacha siku tatu bila maji kila kitu kinakufa, basi kinataka mtu wa kumwagilia kila siku.

Na mtu huyo Mama alimpata mahali ambapo mzazi mwingine yeyote asingetafuta. Pembeni mwa mji palikuwa na kambi ya wagonjwa wa ukoma, na Mama alikuwa akiuza kambale wakavu kwenye lango lake. Wanawake wenzake waliwawekea wagonjwa samaki chini, wakarudi nyuma hatua kumi, na pesa waliipokea kwa jani la mgomba. Mama aliketi. Akiwa ameketi alikuwa akitazama shule ya kambi, banda lisilo na ukuta wa mbele, na mwalimu wake aliyeitwa Longino. Mwalimu Longino alikuwa mgonjwa aliyepona, serikali ikimlipa mshahara wake mdogo. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwisha. Chaki aliifunga kwa kitambaa kwenye kiganja, na herufi moja aliiandika kubwa kama ungo, akakaa nayo wiki nzima. Watoto wake waliifinyanga kwa udongo, wakaianika, wakaipapasa, wakailalia. Fimbo hakuwa nayo, maana asingeweza kuishika. Na wagonjwa hawakuvuka mto kwenda kulima, dawa ziliwafunga pale, kwa hiyo shule yao haikufungwa mvua wala jua.

Mama alimweleza habari za binti yake. Mwalimu Longino alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia maneno ambayo Mama aliyarudia maisha yake yote: "Mama, hawa ninaowafundisha hakuna mtu anayewangoja popote. Kwa hiyo sina haraka."

Siku Mama alipomweleza Baba uamuzi wake mimi nilikuwa nachambua mchele karibu nao. Baba hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba watu watatutenga. Mama akamjibu, "Mtoto wameshamtenga. Kuna tofauti gani?" Baba akainuka akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na tatizo lolote. Sista mkuu wa kambi akaomba Leokadia apimwe kwanza, akapimwa, hana kitu, akaruhusiwa kukaa kwenye benchi la pembeni na kurudi nyumbani kila alasiri, kwa sharti kwamba ataoshwa mikono na miguu kwa maji ya dawa kabla ya kutoka. Hapo ndipo ile harufu ilipoingia nyumbani kwetu.

Loo, harufu ile! Ilimtangulia njiani. Asiyejua anakosoma alijua akipita. Kanisani benchi letu likawa kubwa ghafla, sisi wanne tunalienea peke yetu. Kisimani wasichana wa rika langu walishika kamba yao wakaniambia nilete yangu. Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, alikuja kututembelea akiwa na kikombe chake kwenye kanga, akanywea uji humo, akaondoka nacho, na alipofika nje akamwambia Mama kwa upole, "Usichukie, mke mwenzangu, kila mtu analinda watoto wake." Wanaume waliokuwa wakija kucheza bao kwa Baba waligundua, siku moja wote pamoja, kwamba wana kazi nyingi mashambani. Kambale wa Mama wakakosa mnunuzi mjini, akabaki akiwauzia wagonjwa tu. Nasema yote haya yalifanywa na watu waliokwenda misa kila Jumapili na kupiga magoti chini. Mkuki kwa nguruwe.

Mimi nilimchukia nani? Mngetegemea niwachukie wao. Nilimchukia Leokadia. Na katika kichwa changu cha miaka minane nilikuwa nimeshapanga mambo yote yakaeleweka. Nilidhani kichwa kisichoshika herufi ni ukoma wa ndani, ambao haujafika kwenye ngozi. Herufi zilimdondoka kama vidole vilivyomdondoka Mwalimu Longino, na watu wazima walijua, na ndiyo maana amepelekwa kule. Tulilala mkeka mmoja. Nilimpa mgongo. Asubuhi kabla sijafumbua macho vizuri nilihesabu vidole vyangu, kisha nikajisomea moyoni a, e, i, o, u, nione kama zote zipo.

Baadaye likatokea jambo baya zaidi: dada yangu akajifunza kusoma. Ilichukua mwaka na kitu. Mvua za mwaka ule Mama alikataa asivuke mto, akamwacha kwa bibi mmoja jirani wa kambi, nasi tukaenda kuamia ndege bila yeye. Tuliporudi, jioni moja nilikuwa nawasomea wazazi kitabu cha sala, kama nilivyozoea, kwa ile sauti yangu ya kujidai. Ukweli ni kwamba kitabu kile nilikuwa nimekikariri, macho yangu yalikuwa yanacheza tu juu ya karatasi. Leokadia akaja akaketi nyuma ya bega langu. Akanyoosha kidole kwenye ukurasa akasema taratibu, "Umeruka mstari." Kisha akausoma huo mstari, neno moja moja, kila neno akilishika na kuliachia. Ulikuwa mstari wenyewe. Mama aliweka mwiko chini, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Baba alicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu watu waache kuja kwetu. Mimi niliona aibu na hasira vimenijaa mpaka masikioni. Kichwa cha kambale kimenisahihisha mimi.

Nimeeleza hili ili mjue nilikuwa na nini moyoni siku Baba Mkubwa alipoita kikao.

Ilikuwa baada ya mavuno, mchana, uani kwake. Wazee wa ukoo walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na Leokadia alisimamishwa katikati na gauni lake la shule. Baba Mkubwa akakohoa. Alisema ameombwa na watu wa mji, kwamba wajukuu zake hawapati wachumba, kwamba jina la ukoo limekuwa la kutemewa mate. Alitaka mtoto atolewe shule ile siku hiyohiyo, arudishwe nyumbani, asionekane na kitabu tena. Mama, aliyekuwa hajawahi kumjibu shemeji yake mbele za watu, alisema hamtoi. Hapo kelele zikazuka, lawama zote zikawa juu yake. Mama ndiye mchawi, Mama ndiye aliyechukua mtoto mzima akampeleka kwa maradhi, mwanamke gani anachagua ukoma kama anayechagua kanga dukani.

Baba Mkubwa akanyoosha mkono wakanyamaza. Akanigeukia mimi. "Skola, wewe unalala naye mkeka mmoja. Umeona baka lolote mwilini mwake?"

Nilikuwa nimeliona. Mgongoni, chini ya bega, palikuwa na mviringo mweupe kiasi cha shilingi, choa tu alichotoka nacho shambani miaka ya nyuma, hata mimi nilikuwa nacho gotini. Ningeweza kunyamaza. Nilifikiri haraka, kwa akili niliyojivunia, kwamba nikisema analo basi Mama hatakuwa amechagua kitu, itakuwa ni Mungu ametuletea ugonjwa, na watu humhurumia mwenye mgonjwa. Nilifikiri pia juu ya ule mstari. Nikasema, "Ndiyo, Baba Mkubwa. Mgongoni."

Mama Mkubwa ndiye aliyemfungua gauni. Mnajua tulivyopima nyumbani, kabla mtu hajafikiria hospitali: mwiba. Mgonjwa anatazama upande mwingine, unamchoma pale penye baka, akishtuka ni mzima, asiposhtuka basi. Akaletwa mwiba wa mlimao, mrefu. Mama Mkubwa akaukandamiza. Niliona ngozi ikizama, kisha tone la damu likatoka likashuka mgongoni. Leokadia alikuwa ametazama ukuta wa nyumba ya Baba Mkubwa. Hakutikisika hata unywele.

"Inauma?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Haiumi," alisema dada yangu.

Wanawake wakavuta mikeka yao nyuma. Mama alianza kupiga kelele kwamba mtoto amezoeshwa kusema hivyo shuleni, kwamba muulizeni mwalimu wenu, muulizeni na fimbo yake, lakini nani alikuwa anasikiliza. Mimi nilijua kuwa Mama anasema kweli. Nilikuwa nimeishika fimbo hiyo. Nikasogea nyuma pamoja na wanawake.

Jioni hiyo walimpeleka kambini na mkeka wake, akalale huko huko. Daktari wa kambi alimpima siku ya pili, akasema ni choa, akaandika cheti chenye muhuri kwamba mtoto huyu ni mzima. Mama alikileta cheti mbio mbio mpaka kwa Baba Mkubwa. Baba Mkubwa akamjibu kwamba karatasi haikulala naye mkeka mmoja, aliyelala naye ameshasema. Na Baba, baba yetu aliyecheka kwa sauti siku ile, alikikunja cheti kile akakirudisha mkononi mwa Mama bila neno. Mwalimu Longino na mkewe, ambao hawakujaliwa mtoto, wakamchukua Leokadia nyumbani kwao. Mama alikwenda kila Jumapili baada ya misa, na sahani ya chakula, bila kuficha. Hakuniuliza kamwe kwa nini nilisema. Wala hakuniambia hata mara moja twende wote.

Watu wakarudi. Benchi likajaa, bao likachezwa, kambale wakanunuliwa. Wasichana wakanipa kamba yao kisimani. Haikuchukua hata mwezi. Nikasoma, nikasifiwa, nikapelekwa shule ya kati ya wasichana ya bweni, nikarudi mwalimu, nikaolewa vizuri kanisani, na Baba Mkubwa alinipa mbuzi.

Nilikuwa mke wa mtu na mtoto mgongoni nilipokwenda kambini kumwona Leokadia. Nilimkuta katika banda lile lisilo na ukuta wa mbele, anafundisha. Mwalimu Longino alikuwa amekwisha kufariki. Mbele yake walikuwa watoto wa wagonjwa, na katikati yao watoto watatu wanne wazima, wale ambao shule nyingine zilikuwa zimewashindwa na mama zao wamewaleta kimyakimya. Leokadia alikuwa amenenepa kidogo. Aliniona, akamaliza somo, hakuharakisha hata herufi moja. Ndipo akaja.

Nikamwamkia, "Shikamoo, Dada." Akaitikia. Nikaanza kusema yale niliyoyapanga njiani, nikilia, kwamba mimi ndiye niliyemfukuzisha, kwamba baka lilikuwa choa na nilijua, kwamba nilijua kwa nini alisema haiumi, ile fimbo ya darasa la kwanza ndiyo iliyomfundisha, na mimi niliishika. Aliniacha nikaongea mpaka nikaishiwa.

"Fimbo?" akasema. "Skola, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilijua mwiba ni wa nini."

Sikumwelewa.

"Mwiba uliniuma mpaka nikaona giza. Lakini ningesema unauma, ningekuwa mzima, na Baba Mkubwa angenirudisha nyumbani nisuke mikeka yake. Nilikuwa nimefika nusu ya kitabu cha pili." Akamtazama mtoto mgongoni kwangu, akamrekebishia kanga mguuni. "Shule hii Mama alinichagulia mara moja. Mara ya pili nilijichagulia mwenyewe. Kwa hilo usinililie, hukunifanya kitu."

Nikashusha pumzi. Nilidhani yamekwisha. Nikafuta machozi, hata nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikaanza kumwonyesha mtoto.

"Ila kuna jambo moja nataka unijibu," dada yangu alisema. "Kutoka kwetu mpaka hapa ni mwendo wa nusu saa. Miaka kumi na moja, Skola. Ulikuwa unapita wapi?"

Nilifungua kinywa. Watoto wake walikuwa wameacha udongo, wote wanatutazama, wakingoja kusikia mgeni atajibu nini. Nilisimama pale mbele ya darasa zima, mimi mwenye kichwa chepesi, nikatazama ukuta.